Vilfredo Pareto: Mhandisi wa reli aliyechora ramani ya ridhaa ya mteja

Jina la Vilfredo Pareto hutajwa sana katika semina za biashara kwa sababu ya kanuni ya 80 kwa 20, ile inayosema kuwa wateja wachache ndio huleta sehemu kubwa ya mauzo. Kwa kweli aliyeieneza kanuni hiyo kwa jina lake ni Joseph Juran, mtaalamu wa ubora wa bidhaa nchini Marekani, miaka mingi baada ya Pareto kufariki. Pareto mwenyewe alichunguza jinsi mapato yanavyogawanyika kati ya watu. Kazi yake inayomgusa zaidi mfanyabiashara ni nyingine, na haisemwi sana.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, Julai 15, 1848. Baba yake alikuwa mhandisi wa Kiitalia aliyekimbilia huko kwa sababu za kisiasa, na mama yake alikuwa Mfaransa. Familia iliporejea Italia, kijana alisomea uhandisi mjini Turin, akahitimu mwaka 1870 na kuajiriwa na kampuni ya reli mjini Florence. Baadaye alihamia kampuni ya chuma huko San Giovanni Valdarno, na mwaka 1880 akawa mkurugenzi mkuu.

Huko ndiko alikoonja makali ya ushuru wa forodha. Italia ilipandisha ushuru mwaka 1878, ikaupandisha tena mwaka 1887, na mwaka uliofuata ikaingia katika vita vya ushuru na Ufaransa. Soko kubwa la divai ya Italia likaporomoka. Chuma kilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizokingwa, hivyo mkurugenzi wa kiwanda cha chuma alitarajiwa kushangilia. Pareto alipinga hadharani. Aligombea ubunge mwaka 1882 akashindwa, kisha akaendelea kuishambulia serikali magazetini. Mwaka 1890 aliachia ukurugenzi, baada ya kampuni kupata hasara kubwa kutokana na ununuzi wa kubahatisha bei ya chuma katika soko la London. Hata wajuzi wa bei huungua.

Swali lililomsumbua lilikuwa hili: kama ushuru wa kukinga viwanda unaumiza watu wengi hivyo, mbona hauondolewi? Jibu lake alilieleza kwa hesabu nyepesi. Tuseme nchi ina watu milioni 30, na hatua moja ya serikali inamnyang'anya kila mmoja faranga 1 kwa mwaka ili kuwagawia watu 30. Kila mmoja wa hao 30 anapata faranga milioni 1. Hao watahangaika usiku na mchana, watatafuta wabunge na kugharamia magazeti. Aliyepoteza faranga 1 hataacha shughuli zake kwenda kuipigania. Yeyote aliyewahi kujiuliza ni nani hasa anayetetea tozo fulani mpakani ataielewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Mwaka 1893 Pareto alirithi kiti cha Léon Walras katika chuo cha Lausanne, Uswisi. Wachumi wa wakati huo walikuwa wakizungumzia utoshelevu wa mnunuzi kana kwamba unaweza kuwekwa kwenye mizani. Pareto kwanza alibadili jina. Alibuni neno ofelimita, akimaanisha uwezo wa kitu kukidhi haja ya anayekitaka, kiwe na faida kwake au la. Mofini humdhuru aliyezoea kuitumia, lakini anaitaka na atailipia. Kwa mchumi, hilo linatosha.

Hatua iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi. Mwingereza wa asili ya Ireland, Francis Edgeworth, alikuwa amechora mwaka 1881 mistari inayounganisha mafungu ya bidhaa yenye utoshelevu sawa, akianza na dhana kwamba utoshelevu unapimika. Katika kitabu chake cha mwaka 1906, Pareto aliigeuza njia hiyo. Alianza na mtu mwenye kilo 1 ya mkate na kilo 1 ya divai. Ukimpunguzia mkate hadi kilo 0.9 na kumwongezea divai hadi kilo 1.2, huenda akasema yote ni mamoja kwake. Kusanya mafungu yote ambayo kwake ni mamoja, yaunganishe kwa mstari, na umepata ramani ya ridhaa yake.

Ramani hiyo inafanana na kontua za mlima, alama ambazo mhandisi wa reli anazijua vizuri. Mstari wa juu ni bora kuliko wa chini, na hakuna haja ya kujua urefu wa mlima kwa mita. Mnunuzi hupanda hadi mstari wa juu kabisa ambao fedha zake na bei za sokoni zinamruhusu. Ushuru ukipandisha bei ya mkate, uwezo wake unapungua, anaishia kwenye kontua ya chini. Atanunua divai zaidi au atajinyima vyote viwili? Hilo linategemea umbo la mistari yake, na muuzaji hulijua kwa kuangalia anachobadilisha na anachokataa.

Pareto hakuimaliza kazi hiyo. Mwenyewe alirudia mara kadhaa lugha ya kupima utoshelevu, na mambo yalinyooshwa na Eugen Slutsky mwaka 1915, kisha na John Hicks na Roy Allen mwaka 1934.

Maisha yake ya nyumbani hayakuwa na utulivu. Mke wake, Alessandrina Bakunina, alimwacha mwaka 1901, naye akahamia Céligny karibu na Geneva, akaishi na paka wengi na Jeanne Régis. Sheria ya Italia haikuruhusu talaka. Suluhisho alilipata kwa njia ambayo watu wa mipakani wataitambua: alichukua uraia wa Fiume, dola ndogo ya bandari iliyodumu miaka michache tu, ambako talaka iliruhusiwa. Alimwoa Jeanne Juni 1923. Alifariki Agosti 19 mwaka huo huo.