Georg von Reisswitz: Afisa Aliyempa Mwamuzi Nafasi Mchezoni

Georg Heinrich Rudolf Johann von Reisswitz alizaliwa mwaka wa 1794 katika ufalme wa Prusia. Baba yake, Georg Leopold, hakuwa mwanajeshi bali mtumishi wa serikali mjini Breslau, mji ambao leo unaitwa Wrocław nchini Poland. Mzee huyo alibuni mchezo wa vita, na mwaka wa 1812 akamwonyesha Mfalme Friedrich Wilhelm III meza maalumu ya kuuchezea. Mfalme aliupenda, lakini mchezo ukabaki kuwa pambo la kasri.

Mwana aliingia jeshini, kikosi cha mizinga, akaurithi mradi wa baba yake na kuufumua upya. Mwaka wa 1824, akiwa luteni, alichapisha mwongozo wake. Badala ya meza ya kifahari alitumia ramani ya kipimo cha 1:8000 na vipande vidogo vya risasi vilivyowakilisha vikosi. Kila zamu ilikuwa sawa na dakika 2 za vita. Majedwali yalionyesha umbali ambao kikosi kingeweza kutembea, na dadu zikaamua hasara iliyotokana na mapigano.

Hata hivyo, mchango wake mkubwa haumo katika hesabu hizo, bali katika nafasi aliyompa mwamuzi. Wachezaji hawakusogeza vikosi wenyewe. Waliandika amri, nayo ikasomwa na mwamuzi, ambaye aliifasiri jinsi ofisa wa chini angeifasiri vitani. Amri yenye utata haikurudishwa ili isahihishwe. Ilitekelezwa kwa utata wake, na aliyeiandika akavuna matokeo. Aidha, mwamuzi aliweka ramanini vile vikosi tu ambavyo adui angeweza kuviona. Palipotokea jambo lisilotajwa na kanuni, uamuzi ulikuwa wake.

Mwaka huohuo mchezo ulionyeshwa kwa Jenerali von Müffling, mkuu wa maofisa wa makao makuu ya jeshi. Inasimuliwa kwamba aliupokea kwa ubaridi, kisha akakiri kuwa ulikuwa shule ya vita. Aliusifu katika gazeti la jeshi, nao ukaenea vikosini.

Sifa hizo hazikumfaa mtunzi kwa muda mrefu. Alipandishwa cheo kuwa kapteni, lakini akahamishiwa Torgau, mbali na Berlin alikokuwa na wenzake wa mchezo. Aliuona uhamisho huo kama adhabu. Mwaka wa 1827 alijitoa uhai, kabla ya kutimiza miaka 34. Mwaka uliofuata maofisa wa Berlin walitoa nyongeza ya kanuni zake, ishara kwamba mapengo yalikuwa yamekwisha kuonekana.

Mapengo hayo yalizua mjadala uliodumu zaidi ya kaburi lake. Kila pengo lilipozibwa kwa kanuni mpya, kitabu kilinenepa na mchezo ukazidi kujikokota. Mwaka wa 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza majedwali na dadu viachwe, na mwamuzi mzoefu aamue kwa busara yake. Wapinzani wa njia hiyo waliogopa upendeleo: kanuni ikitoweka, mchezaji atamkatia wapi rufaa?

Swali hilo lilivuka bahari. Mwaka wa 1880 Mmarekani Charles Totten alichapisha kitabu cha mchezo wa vita kiitwacho Strategos, na miaka mingi baadaye kikasomwa na kundi la wachezaji wa Minnesota, akiwemo Dave Arneson. Mwaka wa 1974 Arneson na Gary Gygax walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika mwenye uwezo wake. Kanuni husema kwamba mchawi anaweza kumtia mtu chini ya ushawishi wake. Je, mtu huyo atakubali kumdhuru ndugu yake? Maandishi yanapokuwa na utata, wachezaji humgeukia mwamuzi.

Von Reisswitz hakuuona mchezo huo, lakini alikwisha kutambua msingi wake. Kanuni huhitaji msomaji, na msomaji huhitaji kuaminiwa. Ndiyo maana aliacha kitabu chenye majedwali na dadu, na bado akaweka mtu mezani wa kukifasiri.