Nikola Tesla: mtu aliyeiamrisha mashua kwa redio

Wasikilizaji wetu wengi mnalijua jina la Tesla kwa sababu ya magari ya umeme. Jina hilo ni la mtu aliyefariki miaka mingi kabla ya gari la kwanza la kampuni hiyo kutengenezwa. Leo tunasimulia maisha yake, na zaidi tutakaa kwenye mashua yake ndogo ya mwaka 1898, kwa sababu ndani ya mashua ile kulikuwa na tatizo ambalo hata wewe umewahi kukutana nalo simu yako ilipoingia maji.

Nikola Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kiko nchini Croatia. Familia yake ilikuwa ya Waserbia. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Orthodox. Mama yake hakwenda shule, lakini alikuwa na mikono ya ufundi na alijitengenezea vifaa vya kazi za nyumbani. Tesla alisema baadaye kwamba kipaji chake alikirithi kwa mama.

Alisoma uhandisi mjini Graz, Austria, akafanya kazi ya simu mjini Budapest, kisha akaajiriwa na kampuni ya Edison mjini Paris. Mwaka 1884 alivuka bahari hadi New York, akamfanyia kazi Thomas Edison kwa miezi michache tu, wakaachana. Kampuni aliyoanzisha na wenzake baada ya hapo ilimwacha mikono mitupu, na kwa muda alichimba mitaro ili apate chakula.

Mambo yalibadilika mwaka 1888. Tesla alipata hataza, yaani hati ya serikali ya kumlinda mgunduzi, kwa mota inayotumia umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde. George Westinghouse alinunua haki ya kuitumia. Umeme wa aina hiyo husafiri mbali bila kupotea sana njiani, na mwaka 1896 ulitoka kwenye maporomoko ya Niagara hadi mji wa Buffalo, umbali wa karibu kilomita 40. Umeme unaopita kwenye nguzo za vijijini mwetu ni wa aina hiyo hiyo.

Lakini kabla ya hapo, tarehe 13 Machi 1895, maabara yake mjini New York iliteketea kwa moto. Mitambo, michoro na kazi ya miaka mingi viliisha usiku mmoja, na hakuwa na bima. Wengi wangekata tamaa. Tesla alianza upya, na katika maabara mpya ndimo mashua ilimozaliwa.

Mwaka 1898 aliwaonyesha watu mjini New York mashua ya chuma yenye urefu wa mita moja na kidogo. Haikuwa na mtu ndani, wala waya wala kamba iliyoifunga na nchi kavu. Tesla alisimama pembeni na kisanduku chake, na mashua ikaenda, ikakata kona, ikawasha na kuzima taa. Watu walishangaa, wengine wakadhani ni kiini macho. Tesla alisimulia kwamba hata ofisi ya hataza ya Marekani haikuamini mpaka mkaguzi wake mkuu alipokuja kujionea. Hataza ilitolewa tarehe 8 Novemba 1898.

Tuifungue mashua hiyo tuone ndani. Kulikuwa na betri, mota ya kuzungusha pangaboi la nyuma, mota nyingine ya kugeuza usukani, taa, na kipokezi cha mawimbi ya redio. Kipokezi hicho kilikuwa kichupa chenye unga wa chuma. Wimbi la redio lilipofika, chembe za unga zilishikana na kupitisha umeme. Kisha kichupa kilipinduliwa chenyewe ili chembe ziachane, kingoje amri inayofuata. Unga wa namna hiyo hautaki unyevu hata kidogo.

Hapo ndipo penye ugumu wa mashua ya redio: wimbi lazima liingie, na maji lazima yabaki nje. Tesla aliunda mashua ya pili, kubwa zaidi, ambayo ingeweza hata kuzama. Antena yake, iliyokuwa waya wa kuzunguka, aliiweka ndani ya mashua, na chombo chote akakifunga kisipitishe maji.

Kwa nini maji ni adui wa umeme? Maji safi kabisa hupitisha umeme kidogo mno, lakini ya mtoni, ziwani na hasa baharini yana chumvi na madini. Hayo hujenga daraja kati ya nyaya zisizopaswa kugusana, ikatokea shoti. Betri ikiendelea kufanya kazi, umeme unaopita kwenye maji huanza kula shaba, na ndiyo maana fundi akifungua simu huona utando wa kijani. Mara nyingi kinachoua kifaa ni maji yakikutana na umeme, kisha kutu inayofuata.

Kwa hiyo, iwe ni boti ya rimoti ya mtoto au simu yako, la kwanza ni kukata umeme. Zima, na toa betri kama inatoka. Usibonyeze kujaribu, na usichaji. Kama boti iliingia maji ya chumvi au ya tope, toa betri kwanza, kisha suuza sehemu za ndani kwa maji safi, kwa kuwa chumvi ikikauka hubaki pale pale na kuendelea kula. Simu iliyotumbukia baharini mpelekee fundi haraka aifungue. Anika kifaa kivulini penye upepo kwa siku moja au mbili. Usikiweke karibu na moto wala juani, kwa sababu betri za leo hazivumilii joto. Kukizika kwenye mchele hakushindi upepo, tena huacha vumbi. Betri ikivimba, usiitumie tena.

Boti ikikauka, ijaribuni kipande kwa kipande. Kama haionyeshi dalili yoyote, anzeni na betri na swichi. Kama taa inawaka na pangaboi linazunguka lakini haikati kona, angalieni mota ya usukani na waya wake. Kama inatii ikiwa karibu na kukataa ikienda mbali, huenda unyevu uko kwenye kipokezi au waya wa antena umeliwa.

Tesla mwenyewe hakuvuna kitu kwenye mashua yake. Jeshi la majini la Marekani halikuichukua, na hataza iliisha muda wake mwaka 1915. Mnara mkubwa aliouanza mwaka 1901 karibu na New York, ili kupeleka habari na umeme bila waya, ulikosa fedha na ukabomolewa mwaka 1917. Alifariki tarehe 7 Januari 1943 katika chumba cha hoteli mjini New York, akiwa na umri wa miaka 86, peke yake na mwenye madeni. Miezi michache baadaye Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sehemu muhimu za hataza ya redio ya Marconi, kwa kuwa wengine, Tesla akiwemo, walikuwa wametangulia.

Rimoti ya televisheni ya duka la kahawa, ndege isiyo na rubani inayopiga dawa mashambani, na boti ya mtoto bwawani, vyote vinafuata wazo la mashua ile: kuamrisha kitu kilicho mbali bila kukigusa. Nalo sharti lake halijabadilika tangu 1898. Ruhusu amri iingie, na maji yasiingie. Yakishaingia, kata umeme kwanza.