Harold Vanderbilt na Bei ya Slemu

Jina la Vanderbilt aghalabu huhusishwa na reli za Marekani na utajiri uliotokana nazo. Harold Stirling Vanderbilt, aliyezaliwa katika jimbo la New York tarehe 6 Julai 1884, alikuwa kitukuu wa Cornelius, mwasisi wa utajiri huo. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akaingia katika shughuli za reli za ukoo wake hadi mwaka 1954, wapinzani walipotwaa uongozi wa kampuni ya New York Central kwa kura za wanahisa. Lau angalikuwa mtu wa reli tu, huenda jina lake lingalisahaulika. Kilichomdumisha ni mchezo wa karata.

Katika ujana wake watu wa tabaka lake walicheza briji ya mnada. Wachezaji wanne hugawanyika pande mbili, na kila mmoja hupewa karata 13. Kabla ya karata ya kwanza kutupwa, pande hizo hushindana kuahidi idadi ya mizunguko zitakayoshinda, turufu ikiwa shupaza, kopa, uru au pau. (Majina haya Mswahili aliyapokea kutoka kwa Mreno, na turufu yenyewe pia.) Kushinda mizunguko 12 kati ya 13 huitwa slemu ndogo, kushinda yote ni slemu kuu. Kasoro ya mchezo ule ilikuwa kwamba slemu ilituzwa hata kama haikuahidiwa. Mwoga aliahidi kidogo akavuna kingi, naye jasiri hakupata ziada yoyote kwa ujasiri wake.

Mwishoni mwa Oktoba 1925, Vanderbilt na rafiki zake watatu walisafiri kwa meli ya Finland kutoka California hadi Havana kupitia Mfereji wa Panama. Humo melini ndimo alimojaribu kanuni mpya. Kutoka kwa mchezo wa Kifaransa uitwao plafondi alichukua wazo kwamba kisichoahidiwa kisihesabiwe katika kukamilisha gemu. Yeye aliongeza mambo mawili: tuzo kubwa kwa slemu iliyoahidiwa ikatimizwa, na kanuni kwamba upande uliokwisha kushinda gemu uwe hatarini, yaani tuzo zake zikue na adhabu zake pia. Neno la kuitaja hali hiyo ya hatari lilipendekezwa na abiria mmoja mwanamke. Historia ya mchezo huu ingalikuwa na haki zaidi kama ingalimtukuza naye.

Uzito wa kanuni hizi huonekana pande zote mbili zinapong'ang'ania mnada hadi kwenye slemu. Tuseme wapinzani walio hatarini wameahidi slemu ndogo ya shupaza. Wakiitimiza watapata alama 1430. Mchezaji asiye hatarini anaweza kunyamaza na kutumaini kwamba itavunjika. Anaweza kuiongeza maradufu. Au anaweza kupanda ngazi ya saba kwa kopa, akijua fika kwamba hataweza kuitimiza, ili alipe hasara iliyo ndogo kuliko 1430. Kwa viwango vya leo, ahadi yake ikiongezwa maradufu naye akapungukiwa na mizunguko sita, hupoteza 1400. Ameokoa alama 30. Wa saba humfikisha 1700. Hali ikigeuka, yaani yeye awe hatarini na wapinzani wasiwe, slemu yao ni 980 tu: kupungukiwa na mizunguko mitatu kwa 800 kunavumilika, lakini wa nne humtoza 1100. Na kama slemu ya wapinzani ingalivunjika yenyewe, basi amelipa bure. Haya yote huamuliwa na mtu anayeona karata 13, huku 39 zikiwa zimefichika. Ndiyo maana si haki kumhukumu kwa matokeo peke yake: aliyepoteza 1100 huenda aliamua vyema kuliko aliyenyamaza akabahatika.

Mwaka 1929 Vanderbilt alichapisha mfumo wake wa mnada. Ndani yake, kuanza kwa pau moja hakukumaanisha kuwa na pau. Kulikuwa ishara ya mkono wenye nguvu, iliyotolewa mapema ili nafasi ya kuitafuta slemu isimalizike. Mwanafunzi wa semiotiki ataona hapa ishara ya kukubaliana tu. Umma haukuupokea. Ely Culbertson, aliyemshinda mbali kwa kujitangaza, ndiye aliyeteka wasomaji. Hata hivyo, katika miaka ya 1960 wazo la pau lenye nguvu lilirejea kwa kishindo katika mifumo ya Waitaliano na ile ya Precision.

Baharini nako aliamua mambo mazito. Alilitetea Kombe la Amerika mara tatu: 1930, 1934 na 1937. Mwaka 1934, jahazi lake Rainbow lilishindwa mara mbili na Endeavour la Mwingereza Thomas Sopwith, na katika shindano la tatu likaachwa nyuma tena. Vanderbilt akamwachia Sherman Hoyt usukani, akashuka chini. Hoyt alimshawishi Sopwith kugeuza tanga isivyofaa, akampita. Rainbow likashinda kwa jumla ya 4 kwa 2. Ni nahodha adimu anayejua kwamba wakati wake wa kushika usukani umepita.

Vanderbilt alifariki Newport tarehe 4 Julai 1970. Bei za mchezo wake zilibaki na tundu moja. Kwa viwango vilivyotumika miaka mingi, asiye hatarini, ahadi yake ikiongezwa maradufu, alilipa 100 kwa mzunguko wa kwanza aliopungukiwa na 200 kwa kila unaofuata. Kwa hiyo aliweza kupungukiwa na mizunguko 11, akapoteza 2100, na bado akafaidika dhidi ya slemu kuu ya shupaza yenye thamani ya 2210. Mwaka 1987 kanuni zilibadilishwa: kuanzia mzunguko wa nne, kila mmoja ukawa 300, na hasara ileile ikapanda hadi 2900.