Michael Graham na Ngege wa Ziwa Viktoria

Wanafunzi wetu wa Kipawa humjua sangara kwa minofu yake, ngege hawamjui. Michael Graham (1898–1972), mtaalamu wa uvuvi kutoka Lowestoft, Uingereza, ndiye aliyempa samaki huyo jina la kitaalamu, esculenta, yaani afaaye kuliwa.

Aliletwa ziwani mwaka 1927 kwa kuwa ngege walikuwa wakipungua. Nyavu za kutega kutoka ng'ambo zilikuwa zimeingia tangu 1905. Graham alivua kwa nyavu za macho mbalimbali, akapima, akalinganisha. Taarifa yake ya 1929 ilishauri jicho la wavu lisipungue inchi 5, ili samaki wachanga wapite. Ilionya pia kwamba kupandikiza samaki mkubwa mla wenzake, pasipo utafiti mpana, ni hatari kuu.

Kanuni ya inchi 5 ilifutwa miaka ya 1950, na miaka hiyo hiyo sangara akapandikizwa. Kufikia miaka ya 1980 ngege alikuwa adimu, na aina nyingi za furu zilitoweka.

Twapendelea somo hili lianze na kipande cha wavu na rula. Mtoto apime jicho mwenyewe, kisha aulizwe ni samaki yupi atapita.