Hanaoka Seishu, Tabibu wa Kijiji cha Hirayama

Siku hizi mtu akiingizwa katika chumba cha kupasulia, jambo la kwanza analofanyiwa ni kulazwa usingizi kwa dawa ya nusukaputi. Hulala hajui la mbele wala la nyuma, na anapoamka kazi imekwisha. Wengi wetu tunalichukua jambo hilo kama kwamba lilikuwapo tangu dunia kuumbwa. Lakini sivyo. Kwa karne nyingi mgonjwa alipasuliwa macho wazi, huku ameshikwa mikono na miguu na watu wenye nguvu, na tabibu aliyesifiwa kuwa hodari ni yule aliyekuwa mwepesi wa kisu.

Katika makala haya nataka kueleza maisha ya tabibu mmoja wa Japani aliyeshindana na hali hiyo kwa muda wa miaka karibu 20, hata akaweza kuwapasua wanawake wenye saratani ya titi bila wao kusikia maumivu. Nataka pia kuwataja watu wawili wa nyumbani kwake, maana bila wao jina lake lisingalitufikia.

Hanaoka Seishu alizaliwa mwaka 1760 katika kijiji cha Hirayama, jimbo la Kii, ambalo leo huitwa Wakayama. Wajapani hutanguliza jina la ukoo. Kwa hiyo Hanaoka ni ukoo wake, na Seishu ndilo jina alilojulikana kwalo. Baba yake naye alikuwa tabibu. Wakati huo Japani ilikuwa imejifungia milango. Katika watu wote wa Ulaya, Waholanzi peke yao ndio walioruhusiwa kuja kufanya biashara, nao waliwekwa katika kisiwa kidogo cha Dejima, bandarini Nagasaki. Hata hivyo, elimu ni kama maji, haikosi ufa wa kupenyea. Vitabu vya utabibu vya Kiholanzi viliingia, na mwaka 1774 tabibu Sugita Genpaku na wenzake walichapisha tafsiri ya kitabu kimoja chenye picha za viungo vya ndani ya mwili wa mwanadamu.

Mwaka 1782 kijana Hanaoka alikwenda Kyoto kusoma. Huko alijifunza utabibu wa namna mbili: ule wa asili ya Kichina, ambao hutibu kwa dawa za mitishamba, na ule wa kupasua, uliotoka kwa Waholanzi. Wanafunzi wengi walichagua mmoja na kuudharau wa pili. Yeye aliona kwamba yote miwili ni kitu kimoja, na ya kuwa tabibu asiyejua dawa hafai kushika kisu. Tena alisikia habari za Hua Tuo, tabibu wa Uchina aliyeishi karibu miaka 1600 kabla yake, ambaye husimuliwa kwamba aliwanywesha wagonjwa dawa ndani ya pombe, wakalala, akawapasua. Lakini namna ya kuitengeneza dawa ile ilikuwa imepotea. Hanaoka aliporudi Hirayama mwaka 1785 alikuwa na nia moja moyoni, nayo ni kuitafuta dawa ya namna hiyo.

Katika maradhi yaliyomsumbua mawazo, kubwa lilikuwa saratani ya titi, ambayo wengi huiita kansa. Saratani huanza pale chembe za mwili zinapoacha utaratibu wake na kuzidi kuongezeka, hata zikafanya uvimbe, kisha zikasambaa sehemu nyingine. Wakati ule hapakuwa na tiba. Watu wa Japani waliamini kwamba uhai wa mwanamke umo katika titi, na ya kuwa likikatwa hana budi kufa. Kwa hiyo matabibu waliogopa kuligusa. Husimuliwa kwamba Hanaoka alipata kumwona mwanamke aliyepigwa pembe na ng'ombe, titi likachanika, naye akatibiwa akapona. Basi akajua kwamba imani ile haikuwa kweli. Kizuizi kilichobaki kilikuwa maumivu.

Alianza kuchanganya mimea. Mmea ulio mkuu katika dawa yake ulikuwa wa jamii ya mranaha, wenye maua yaliyo kama tarumbeta na matunda ya miba. Mimea ya jamii hiyo huota hata huku kwetu, majalalani na kandokando ya njia, na wazee huwakataza watoto wasiichezee. Wana haki kabisa, maana ni sumu. Ndani yake mna kemikali ziitwazo atropini na skopolamini, ambazo huzuia ujumbe unaopita katika mishipa ya fahamu. Mtu hukauka kinywa, mboni za macho humpanuka, akili humpotea, kisha hulala. Na ikizidi, hufa. Pamoja na mmea huo alitia mizizi ya akoniti, ambayo ni sumu ya moyo, na mimea mingine kadhaa. Dawa hiyo iliitwa tsusensan. Ugumu wake ulikuwa katika kipimo: ikiwa ndogo mgonjwa huamka kisu kingali mwilini, na ikiwa kubwa haamki tena.

Kwanza aliwajaribia wanyama, wakiwamo mbwa na paka. Wengine walikufa, wengine waliamka, naye akapunguza hiki na kuongeza kile. Miaka ikapita hivyo. Lakini mwili wa paka si mwili wa mtu, na mwisho ulifika wakati ambao mtu hana budi kuinywa. Ni nani angekubali?

Waliokubali walikuwa mama yake mzazi, Otsugi, na mkewe, Kae. Walijitolea wote wawili, wakainywa dawa mara kwa mara huku Hanaoka akiwaangalia wanavyolala na wanavyoamka. Kae alipofuka macho. Kuna wasemao kwamba mama naye afya yake iliharibika kwa ajili ya dawa ile. Mwaka 1966 mwanamke mtunzi wa huko huko Wakayama, Ariyoshi Sawako, alitoa riwaya juu ya mke huyo, akamwonyesha mama mkwe na mkaza mwana wakishindana ni nani atakayejitoa zaidi. Mashindano hayo ni ya mtunzi. Lakini giza la Kae si hadithi. Aliishi nalo mpaka alipokufa, mwaka 1829.

Hatimaye kipimo kikapatikana. Mwaka 1804 alikuja kwake Bibi Kan, mwanamke wa miaka 60 kutoka Gojo, mwenye uvimbe wa saratani katika titi. Alikuwa na maradhi mengine pia, na Hanaoka hakumharakisha. Alimtibu hayo kwanza hata akapata nguvu. Siku ya 13 ya mwezi wa kumi, kwa kalenda ya Kijapani ya wakati ule, alimnywesha tsusensan, akangoja hata usingizi ulipomshika barabara, kisha akapasua ngozi na kuutoa uvimbe. Bibi Kan hakusikia kitu. Alipona kidonda, akarudi kwao.

Hapa wengi wanaosimulia habari hii husimama, wakapiga makofi. Lakini yafaa kuendelea mbele. Bibi Kan alifariki mwaka uliofuata, 1805. Kisu kiliondoa uvimbe, lakini hakikuondoa maradhi yote. Hanaoka hakukata tamaa. Aliendelea kupasua, na katika daftari ya wagonjwa wake wa saratani ya titi yamo majina ya wanawake 156. Daftari hiyo naiona kuwa jambo kubwa kama dawa yenyewe. Tabibu asiyeandika huwakumbuka waliopona, akawasahau waliokufa.

Sifa zake zilienea Japani nzima. Vijana zaidi ya elfu moja walikuja kusoma katika shule yake, iliyoitwa Shunrinken, pale pale kijijini. Hata Sugita Genpaku, ambaye sasa alikuwa mzee wa karibu miaka 80, alimwandikia barua ya kumheshimu. Mtawala wa Kii alimpa cheo, lakini Hanaoka hakuwaacha wagonjwa wake wa kijijini.

Hata hivyo, mtu mkubwa naye ana kasoro zake, na si vizuri kuzifunika. Hanaoka aliwaapisha wanafunzi wake wasiitoe siri ya dawa. Mmoja wao, Honma Soken, alipoyaandika mafunzo ya mwalimu wake kitabuni, alifukuzwa katika kundi la wanafunzi. Labda siri hiyo ilikuwa na sababu njema, kwa kuwa dawa ile katika mikono ya mzembe ingeua watu. Lakini tazama hasara yake. Mwaka 1811, miaka 7 baada ya Bibi Kan kupasuliwa akiwa usingizini, mtunzi wa Kiingereza Fanny Burney alikatwa titi mjini Paris. Kitulizo alichopewa kilikuwa kinywaji cha mvinyo tu, naye alikuwa macho. Matabibu wa Ulaya hawakuwa na habari yoyote ya Hirayama. Walimwengu walingoja mpaka tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, William Morton alipoonyesha hadharani kwamba mvuke wa etha humlaza mtu. Hiyo ni miaka 42 baada ya Hanaoka, naye alikuwa amekwisha kufa mwaka 1835. Etha haikuwekwa siri kwa muda mrefu. Katika miezi michache tu ilikuwa ikitumika Ulaya. Japani nayo ilipofungua milango, dawa za kuvuta pumzi ziliingia, na tsusensan ikawekwa kando.

Utafiti wa saratani ya titi haukusimama hapo. Baadaye matabibu wa Ulaya na Marekani walishika desturi ya kuondoa titi zima pamoja na misuli ya kifua, wakiamini kwamba anayekata zaidi huponya zaidi. Mwaka 1976 Daktari Bernard Fisher wa Marekani na wenzake walianza kuipima imani hiyo. Wanawake waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine waliondolewa titi zima, wengine uvimbe peke yake, na wengine uvimbe kisha wakatibiwa kwa mionzi. Mwaka 2002, baada ya kufuatiliwa miaka 20, hesabu ya wanawake 1,851 ilionyesha kwamba kuondoa titi zima hakukurefusha maisha kuliko kuondoa uvimbe. Wanawake wengi wamebaki na matiti yao kwa sababu wenzao hao walikubali kuwa katika hesabu.

Tofauti kati ya nyumba ya Hanaoka na utafiti wa leo ni kubwa. Siku hizi, kwa Azimio la Helsinki, daktari wa utafiti hutakiwa amweleze mtu hatari zote, ampe nafasi ya kukataa, na aonyeshe mpango wake kwa kamati kabla hajaanza. Kae alikubali, lakini mke wa zamani zile angewezaje kumkatalia mumewe na mama mkwe wake? Swali hilo ndilo linalonifanya nisimsifu Hanaoka bila kumtaja yeye kwanza.

Wanafunzi wenzangu, wako miongoni mwetu watakaokuwa madaktari na wauguzi. Kila kidonge tunachomeza kilimezwa kwanza na mtu mwingine, ambaye hakujua kitamfanya nini. Tuna deni kwake, na njia ya kulilipa ni kuomba ruhusa kwa unyofu, kuandika waliopona na waliokufa, na kutoificha elimu. Na kwa akina mama na dada zetu watakaosoma gazeti hili nyumbani nina neno moja. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Saratani ya titi ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi kuliko ikichelewa. Atakayeona uvimbe asione haya, aende hospitali upesi. Huko atalazwa kwa nusukaputi ikibidi, naye ataamka akiona mwanga, mwanga ambao Kae alijinyima ili jambo hilo liwezekane.