Adrian Atiman: mtoto aliyeuzwa akawa daktari wa Karema

Kila tunapoanza mafunzo ya awali ya unasihi kwa wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Kigoma, huwa nauliza swali moja: mtoto aliyeona mabaya anahitaji nini kwanza? Wengi hujibu dawa. Wengine husema maombi. Safari hii muuguzi mmoja kutoka Ujiji alisema anahitaji kusahau, na darasa zima likatikisa kichwa kukubali. Sikumpinga. Niliwasimulia habari za Adrian Atiman, na leo nawasimulia ninyi wasomaji, hasa wazazi ambao watoto wenu wanashtuka usiku.

Jina hilo si geni kwa watu wa mwambao wetu. Sumbawanga kuna hospitali inayoitwa kwa jina lake. Ila wengi wanaolijua jina hawajui mwenyewe alitoka wapi.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 Tundurma, kando ya Mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa Jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko, katika miaka ya 1870, wamisionari wanaojulikana kwetu kama Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie, walimkomboa kwa fedha. Alikuwa na miaka kama kumi. Mzazi, mtazame mwanao wa darasa la nne, ndipo uendelee kusoma.

Mtoto aliyepitia jambo la namna hiyo mwili wake hubaki macho hata hatari ikishapita, kama mlinzi ambaye hakuna aliyemwambia zamu imekwisha. Huota ndoto mbaya. Huanza tena kukojoa kitandani ilhali alikwishaacha. Huganda mlango ukibamizwa, au hupigana shuleni bila sababu inayoonekana, au hunyamaza kabisa hadi watu wakamsifu kuwa ana adabu. Huyo wa mwisho ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, kwa sababu haletwi kliniki.

Nina kosa la kukiri hapa. Miaka ya nyuma, nikiwa kituo kingine, aliletwa mtoto aliyevuka ziwa na mama yake wakikimbia vita. Nilimtaka anieleze kila kitu siku hiyohiyo, mbele ya mama na watu wengine wawili, nikiamini kwamba akitoa yote atapona. Mtoto alitetemeka, akajikojolea kwenye kiti. Mama akaniambia taratibu, daktari, naomba tuondoke. Hawakurudi. Sikuwa nimefundishwa unasihi. Nilikuwa na shahada ya udaktari tu.

Leo tunachowafundisha wanaoanza ni kidogo na kinashikika. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 unajengwa juu ya mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama mtu yuko salama na nini anahitaji sasa hivi. Sikiliza anachotaka kusema, usimchimbe. Muunganishe na ndugu zake, chakula, matibabu. Kumlazimisha mtu asimulie tukio zima mara tu baada ya kutokea hakushauriwi.

Turudi kwa Atiman. Lavigerie alikuwa na mpango wake. Wazungu waliotumwa ndani ya Afrika walikuwa wakifa kwa homa, akaona afadhali awafunze udaktari vijana Waafrika waliokombolewa, waje waishi na watu kama watu. Atiman akapelekwa kisiwa cha Malta kusomea udaktari. Mimi husita kidogo nikifika hapa, maana kukombolewa na kuchaguliwa njia ya maisha si jambo moja, na hakurudi tena kuishi kwao Tundurma. Lakini alisoma, akahitimu, na mwaka 1888 akaanza safari ya kuja huku.

Alifika Karema mwaka 1889. Karema iko kusini mwetu, kwenye ufuko huuhuu wa Ziwa Tanganyika, leo Mkoa wa Katavi. Wabelgiji walijenga ngome hapo mwaka 1879, kisha mwaka 1885 wakawaachia wamisionari. Enzi hizo watumwa kutoka Kongo walikuwa wakivushwa ziwa na kushushwa upande wetu, Ujiji ikiwa moja ya vituo vikubwa, ndipo watembezwe hadi pwani. Misheni ilipokea watoto waliokombolewa kutoka misafara hiyo. Kwa hiyo daktari aliyefika pale alikuwa ameyapitia yaleyale waliyoyapitia wagonjwa wake wadogo.

Unasihi kama taaluma haukuwapo. Kitabu cha Mmarekani Carl Rogers kuhusu unasihi na tiba ya kisaikolojia, ambacho kilisaidia sana kuijenga taaluma hii, kilitoka mwaka 1942, wakati Atiman ana miaka 53 Karema. Siwezi kumwita mnasihi. Alikuwa tabibu na katekista, akitumia dawa za Ulaya na pia mitishamba ya hapa.

Ila lipo jambo moja ambalo darasani huwa nalirudia: hakuondoka. Alioa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, na mtu aliyenyang'anywa ukoo wake akapata wakwe, shemeji na watani. Mwana wao Joseph alipata upadri mwaka 1923. Utawala wa Wajerumani ulikuja ukapita, ukaja wa Waingereza, na mgonjwa wa Karema aliendelea kumkuta daktari yuleyule. Mtoto aliyejeruhiwa moyoni anahitaji hilo kabla ya maneno yoyote: mtu mzima asiyebadilika leo na kesho, kulala saa ileile, kula, kwenda shule.

Msinielewe kwamba kila aliyeumizwa anaweza kuwatibu wengine. Wapo wanaokuja kwenye mafunzo wakiwa na kidonda kibichi, na akisimuliwa habari inayofanana na yake yeye ndiye anayelia. Hao tunawaomba wakae kwanza upande wa mgonjwa.

Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha ya Atiman kama alivyoyasimulia mwenyewe. Alikuwa na miaka kama 80, na karibu miaka 70 ilikuwa imepita tangu jangwani. Sisemi alikaa kimya muda wote huo. Nasema hakuwa amesahau. Muuguzi wangu wa Ujiji aliandika hilo kwenye daftari lake, akalipigia mstari.

Mwanao akianza tena kukojoa kitandani, usimchape wala usimwaibishe mbele ya wenzake. Mlete kwanza apimwe mkojo na sukari, kwani si kila anayekojoa ana hofu. Vipimo vikiwa safi, omba kuonana na mnasihi au afisa ustawi wa jamii. Zahanati ikiwa haina, itakupa rufaa. Usione haya ukiambiwa nawe mzazi ukae na mnasihi, maana mara nyingi mama na mtoto wamevuka ziwa kwenye mtumbwi mmoja. Kama kuna mtu anayemuumiza mtoto sasa hivi, piga namba 116, ni bure.

Atiman alifariki Karema mwaka 1956, baada ya miaka 67 ya kazi.