Daktari Aliyechezea Tone la Manjano

Wanafunzi wenzangu, hebu niambieni: nani kati yetu anaiogopa naitrojeni? Mimi sikuiogopa hata kidogo. Hewa tunayovuta karibu asilimia 78 ni hiyo hiyo, na haitudhuru. Niliiona gesi mvivu tu, mpaka niliposoma habari za Pierre Louis Dulong.

Bwana huyu alizaliwa Rouen, Ufaransa, mwaka wa 1785. Akiwa mtoto mdogo alibaki yatima, akalelewa na jamaa zake. Baadaye akawa daktari huko Paris. Maskini aliwatibu bure na, lo, dawa akawanunulia kwa pesa zake mwenyewe! Kazi ya namna hiyo itamtajirisha nani? Akaiacha, akaingia katika kemia chini ya mzee Berthollet.

Mwaka wa 1811, akiwa na miaka 26, alipitisha klorini katika maji yenye chumvi ya amonia. Yakajitokeza matone ya manjano, mazito kama mafuta. Leo twajua kwamba kila molekuli yake ni atomi moja ya naitrojeni iliyoshikana na tatu za klorini. Umbo lake ni kama sufuria juu ya mafiga: naitrojeni ndiyo sufuria, klorini ndizo mafiga.

Lakini vifungo vya mafiga hayo ni hafifu. Kumbe atomi mbili za naitrojeni zikikutana zenyewe hufungana mara tatu, kifungo ambacho ni vigumu mno kukivunja. Basi tone likipata joto au mtikisiko kidogo tu, kila naitrojeni huitupa klorini na kumkimbilia mwenzake, na nguvu zote hutoka kwa mshindo mmoja. Ule uvivu wa gesi ya hewani ndio unaolipua tone!

Dulong hakuyajua haya. Mlipuko ulimpofusha jicho moja na kumkata vidole viwili. Ungedhani ataacha? Wapi! Mwaka wa 1812 aliirudia kazi ile ile, ikamlipukia tena. Hapa mwalimu wetu wa kemia na mimi hatupatani. Yeye anamwita shujaa. Mimi naona daktari aliyewahurumia wote isipokuwa yeye mwenyewe.

Habari zikafika Uingereza kwa barua ya Ampère. Humphry Davy naye akajaribu, vigae vya kioo vikamwumiza jicho. Kwa kuwa hakuweza kuandika vizuri, akamchukua kijana mmoja mjalidi wa vitabu amsaidie. Kijana huyo ni Michael Faraday, yule yule wa sumaku na umeme!

Dulong hakukaa kulia. Kwa jicho lililobaki alipima joto la metali pamoja na Petit, wakatoa kanuni yao mwaka wa 1819. Mwaka wa 1830 akawa mkuu wa masomo katika École Polytechnique, akafariki mwaka wa 1838.

Na ile harufu kali ya kidimbwi cha kuogelea, inayowasha macho? Mvuke wake mmojawapo ni dutu hiyo hiyo ya Dulong, ila ni kidogo mno kulipuka.